Mwenendo wa Kitaaluma wa Mhudumu wa Afya Aliyesajiliwa: Mwongozo wa Mgonjwa, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wagonjwa na jamaa zao kuhusu wahudumu wa afya hurudi yale yale. Je, ni utovu wa adabu kumwuliza daktari jina lake? Je, muuguzi ana ruhusa ya kumweleza mume wangu majibu ya vipimo vyangu kabla sijaelezwa mimi? Nikikataa upasuaji, nitaachwa bila huduma? Nimetendewa vibaya, niende wapi kwanza? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeuliza maswali hayo kwa mara ya kwanza, naye ataweza kuufuata kuanzia kabla ya kuonana na mhudumu hadi baada ya huduma kukamilika.

Mhudumu aliyesajiliwa ni mtu ambaye jina lake limeingizwa katika rejista ya baraza la taaluma yake lililoundwa kwa sheria, awe daktari, muuguzi, mkunga, mfamasia, daktari wa meno, mtaalamu wa maabara au mtaalamu wa viungo. Usajili humpa ruhusa ya kufanya kazi na papo hapo humfunga kwa kanuni za maadili, na akizivunja baraza lina uwezo wa kumwita ajieleze. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini misingi inafanana sana, kwa sababu kanuni nyingi zinakubaliana na maandiko ya kimataifa kama vile Kanuni ya Kimataifa ya Maadili ya Udaktari, iliyopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1949 na kupitiwa upya mwaka 2022, na kanuni ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi iliyotolewa kwanza mwaka 1953.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Kumbukumbu ya mtu mgonjwa au mwenye hofu hupotea upesi, na maandishi ya siku ile ile yana uzito kuliko masimulizi ya miezi mitatu baadaye.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba na zile ulizonunua bila cheti cha daktari, na dawa au vyakula vinavyokudhuru.
- Maswali yako makuu, yasizidi matatu au manne, yakianza na lile linalokusumbua zaidi.
- Mtu mzima unayemwamini, ikiwa unahitaji kusindikizwa.
- Nakala ya kanuni za maadili za baraza husika. Mabaraza mengi huzitoa bure, na kurasa chache zinazohusu ridhaa, usiri na mipaka ya uhusiano zinatosha kwa kuanzia.

Tahadhari moja itangulie mengine yote: katika hali ya dharura, kama vile kutokwa damu nyingi, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu au maumivu makali ya kifua, usitumie muda kuhakiki chochote. Tafuta matibabu kwanza, na hatua hizi zifuate mgonjwa akishatulia.

Hatua za kufuata

1. Hakiki usajili.

Tafuta rejista ya baraza la taaluma husika, ambayo katika nchi nyingi huwekwa wazi mtandaoni, au uwasiliane na ofisi ya baraza. Angalia mambo manne: jina kamili, taaluma iliyosajiliwa, uhai wa leseni kwa kipindi hiki, na masharti yoyote yaliyowekwa dhidi ya mhudumu huyo. Ikiwa anajitambulisha kuwa bingwa wa fani fulani, angalia pia kama ubingwa huo umeandikwa, kwa kuwa daktari aliyesajiliwa kwa tiba ya jumla hawi bingwa wa moyo kwa sababu ya bango lililopo mlangoni.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuamini cheti kilichotundikwa ukutani. Cheti cha chuo kinathibitisha kwamba mtu alihitimu, lakini hakisemi kama leseni yake ni hai leo au kama amewahi kusimamishwa. Kosa la pili ni kuchanganya leseni ya kituo na leseni ya mtu: jengo linaweza kuwa na vibali vyote ilhali anayekuchoma sindano ndani yake hana usajili wowote.

2. Tarajia kujulishwa nani anakuhudumia, naye ahakikishe wewe ni nani.

Mhudumu anapaswa kukutajia jina lake na nafasi yake kabla ya kuanza. Asipofanya hivyo, uliza kwa heshima: “Samahani, naomba kufahamu jina lako na wewe ni nani katika timu inayonihudumia.” Swali hili si dharau kwa mtu yeyote. Mwanafunzi au mhudumu aliye katika mafunzo anapaswa kusema hivyo waziwazi, na una haki ya kukataa asikuchunguze au asiwepo chumbani, bila huduma yako kupungua.

Angalia pia jinsi anavyohakikisha utambulisho wako kabla ya dawa, damu, kipimo au upasuaji. Mhudumu makini atakuuliza, “Jina lako kamili ni nani? Umezaliwa lini?” kisha atalinganisha majibu na karatasi yake. Akiuliza, “Wewe ndiye fulani?” mgonjwa aliyechoka, mzee asiyesikia vizuri au mtu mwenye homa kali anaweza kuitikia tu, na dawa ya jirani yake ikaingia mwilini mwake. Kwa hiyo, hata usipoulizwa, taja jina lako mwenyewe, na ukiletewa dawa uliza ni dawa gani, ni ya nini na kipimo chake ni kiasi gani.

3. Eleza habari zako kwa ukweli, na udai kusikilizwa.

Mhudumu anapaswa kukusikiliza bila kukudharau kwa sababu ya umri, jinsia, dini, ulemavu, kipato, lugha au aina ya ugonjwa ulio nao. Wewe nawe unawajibika kusema ukweli kuhusu dalili, dawa na mazoea yako, hata yale ya aibu, kwa sababu uamuzi sahihi haujengwi juu ya habari pungufu. Ikiwa lugha ni kikwazo, omba mkalimani. Epuka kumtumia mtoto kutafsiri, kwani ataogopa kusema mabaya, na kuna mambo ambayo mzazi hatayasema mbele yake.

4. Usitoe ridhaa kabla hujaelewa.

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ndipo mgonjwa anapoweza kujisaidia kuliko mahali pengine popote. Ridhaa ni mazungumzo, na sahihi kwenye fomu ni alama tu kwamba mazungumzo hayo yamefanyika. Kama hayakufanyika, karatasi yenye sahihi yako haigeuki kuwa ridhaa ya kweli. Kabla ya kukubali kipimo chenye hatari, upasuaji au tiba mpya, hakikisha umeelezwa kwa maneno unayoyaelewa: tatizo lenyewe ni nini, kinachopendekezwa kitafanywaje na nani, faida inayotarajiwa, madhara yanayotokea mara kwa mara na yale ya nadra lakini mazito, njia nyingine zilizopo, na kitakachotokea ikiwa hakitafanyika chochote.

Swali ambalo wagonjwa wengi hawalijui ni hili: nani anaamua hatari ipi inastahili kutajwa? Zamani lilionekana kuwa jambo la daktari peke yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la mama mjamzito mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua kwa njia ya kawaida, na mtoto akapata madhara makubwa. Mahakama ilisema kwamba daktari anapaswa kuhakikisha mgonjwa anajua hatari ambazo mtu mwenye busara aliye katika hali yake angezipa uzito, pamoja na zile ambazo mgonjwa huyo mahususi angezijali. Uamuzi huo unaifunga nchi yake tu, lakini unaonyesha vizuri mwelekeo wa maadili ya taaluma. Mpiga zeze anayefanyiwa upasuaji wa mkono ana sababu ya kuelezwa habari za vidole ambazo mtu mwingine asingeziuliza. Kwa hiyo mwambie mhudumu kazi yako, hofu zako na mipango yako, ili ajue ni habari zipi zina uzito kwako.

Baada ya maelezo, yarudie kwa maneno yako: “Nimeelewa kwamba utafanya hivi, kwa sababu hii, na nikiona dalili fulani nirudi mara moja. Je, ni sahihi?” Njia hii hufichua kutoelewana haraka kuliko kutikisa kichwa. Ikiwa jambo si la haraka, omba muda wa kufikiri au maoni ya mtaalamu mwingine. Mhudumu mwenye maadili hakasirikii maoni ya pili, na wala hakutishi ili ukubali.

Una haki ya kukataa, na ukishakubali una haki ya kubadili mawazo. Kukataa tiba moja hakukuondolei huduma nyingine, kama vile kupunguziwa maumivu. Zipo hali ambazo ridhaa ya mgonjwa mwenyewe haipatikani: aliyepoteza fahamu katika hatari ya kufa, mtoto mdogo, au mtu ambaye kwa wakati huo hana uwezo wa kuelewa na kuamua. Sheria ya kila nchi hueleza nani huamua katika hali hizo, lakini hata mtoto anapaswa kuelezwa kwa kadiri ya umri wake. Ukiombwa kushiriki katika utafiti, hilo ni ombi tofauti linalohitaji ridhaa ya peke yake, na kukataa kwako hakupaswi kuathiri matibabu yako.

Tahadhari: usitie sahihi kwenye fomu tupu, na usikubali kutia sahihi ukiwa umeshapewa dawa ya usingizi au ya kukulegeza.

5. Linda heshima yako wakati wa uchunguzi wa mwili.

Kabla ya kukugusa, mhudumu anapaswa kueleza atachunguza sehemu gani na kwa sababu gani, kisha asubiri ukubali. Upewe faragha ya kuvua na kuvaa nguo, upewe shuka au nguo ya kujifunika, na kifunuliwe kile tu kinachochunguzwa. Kwa uchunguzi wa matiti, sehemu za siri au njia ya haja kubwa, omba mtu wa tatu awepo kama shahidi. Watoa huduma wengi wana utaratibu huo, na unamlinda mgonjwa na mhudumu pia. Ukisema “acha,” mhudumu anapaswa kuacha.

Picha au video ya mwili wako haipigwi bila ridhaa yako, hata ikisemwa kwamba ni ya kufundishia. Uliza itahifadhiwa wapi na nani ataiona.

Jambo la kusemwa bila kuzunguka ni kwamba uhusiano wa kimapenzi au wa kingono kati ya mhudumu na mgonjwa anayemhudumia ni ukiukaji mkubwa wa maadili, hata kama mgonjwa anaonekana kukubali. Mmoja anajua siri za mwili na maisha ya mwenzake na ana mamlaka juu ya tiba yake, kwa hiyo makubaliano yao hayawi ya watu walio sawa. Maneno ya kimapenzi wakati wa uchunguzi, maswali kuhusu maisha ya ngono yasiyohusiana na tatizo ulilokuja nalo, au ujumbe wa usiku usio wa kitabibu ni dalili za hatari. Ondoka, andika yaliyotokea, mweleze mtu unayemwamini. Ikiwa umeguswa kingono bila sababu ya kitabibu, hilo ni suala la polisi pia, na usisubiri baraza limalize kazi yake.

6. Fahamu usiri unafika wapi.

Habari zako hazipaswi kutolewa kwa mwenzi, mzazi wa mtu mzima, mwajiri, kiongozi wa dini wala rafiki bila ruhusa yako. Tamko la Geneva, ambalo ndilo kiapo cha kisasa cha madaktari na lilipitishwa mwaka 1948, lina ahadi ya kutunza siri za mgonjwa hata baada ya kifo chake. Usiri unahusu pia sauti za mapokezi, mafaili yaliyoachwa wazi, na picha zinazosambazwa katika makundi ya simu.

Hata hivyo usiri una mipaka. Mhudumu anaweza kulazimika kutoa habari kwa amri ya mahakama, kwa ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe, mtoto anapodhulumiwa, au mtu mwingine anapokuwa katika hatari kubwa na ya wazi. Hata hapo atoe kiasi kinachohitajika tu, na ikiwezekana akueleze. Mapema kabisa, sema nani aelezwe habari zako na nani asielezwe, na uombe iandikwe kwenye faili, kwa maana ndugu wengi hufika wodini wakiamini kwamba ujamaa unatosha.

7. Uliza kuhusu fedha na maslahi.

Ukielekezwa kwenye maabara, duka la dawa au kituo fulani, una haki ya kuuliza kama anayekuelekeza ana maslahi huko na kama unaweza kwenda kwingine. Malipo ya siri kwa ajili ya kupeleka wagonjwa ni kinyume cha maadili. Malipo yoyote nje ya utaratibu wa ofisi yaombee risiti.

8. Kosa likitokea, dai maelezo na nakala za kumbukumbu.

Mhudumu mwaminifu hukueleza mwenyewe kwamba jambo limekwenda vibaya: nini kimetokea, madhara yake ni yapi, kinafanyika nini sasa, na pole ya kweli. Omba nakala ya kumbukumbu zako mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala ya ombi. Kumbukumbu zikihitaji kusahihishwa, sahihisho huongezwa likiwa na tarehe na jina la aliyelifanya. Maandishi ya awali hayafutwi.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, tenganisha matokeo mabaya na mwenendo mbaya. Mgonjwa anaweza kupata madhara ingawa kila kitu kilifanywa sawasawa, na anaweza kupona ingawa alidhalilishwa. Jiulize: je, nilielezwa? Niliridhia? Aliyenihudumia alikuwa ndani ya uwezo na leseni yake? Alinirudia nilipolalamika maumivu? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayoipa barua yako mwelekeo.

9. Peleka malalamiko mahali panapofaa.

Lugha mbaya, ucheleweshaji au kutoelewana huanza kwa mhudumu mwenyewe au uongozi wa kituo, na mara nyingi huishia hapo. Unyanyasaji, ulevi kazini, kuvunja siri, udanganyifu, kufanya kazi bila leseni au uzembe unaohatarisha watu upelekwe kwenye baraza la taaluma. Katika barua andika jina la mhudumu, mahali, tarehe na saa, yaliyotokea kwa mpangilio, mashahidi, na unachotaka kifanyike. Andika ulichokiona na kukisikia, na uache matusi na dhana. “Saa nne usiku niliita mara tatu na hakuna aliyekuja” ina nguvu kuliko “wale watu hawana utu.”

Fahamu uwezo wa baraza. Linaweza kutoa onyo, kuweka masharti, kuagiza mafunzo, kusimamisha au kufuta usajili. Kwa kawaida fidia ya fedha hutafutwa mahakamani, na sheria huweka ukomo wa muda wa kufungua shauri, kwa hiyo uliza mwanasheria mapema badala ya kungoja uamuzi wa baraza.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kuanza na mitandao ya kijamii. Unaweza kufichua siri zako mwenyewe, kuingia katika shauri la kashfa, na kumpa mhusika muda wa kujiandaa kabla hujapata faili lako.

Mambo yakikwama

Jina halipo kwenye rejista. Jaribu tahajia nyingine, jina la kabla ya ndoa, au rejista ya taaluma jirani, kisha uliza ofisi ya baraza. Ikithibitishwa kwamba hajasajiliwa, acha huduma yake na utoe taarifa, kwa sababu baraza linalosimamia waliosajiliwa linaweza kukuelekeza kwenye mamlaka inayomshughulikia asiyesajiliwa.

Mhudumu anakasirika ukiuliza. Tulia na useme, “Nauliza ili nifuate maelekezo yako vizuri.” Akiendelea, omba mhudumu mwingine au kiongozi wa zamu. Uchovu na msongamano wa wagonjwa ni mambo ya kweli na yanastahili huruma, lakini hayaondoi wajibu wa kukueleza kabla ya kukuchoma sindano.

Anakataa kukupa huduma kwa sababu ya dhamiri yake. Katika nchi nyingi anaruhusiwa kwa baadhi ya huduma, lakini anapaswa kukueleza bila kukuhukumu na kutokuzuia kuipata kwingine. Katika dharura inayotishia maisha hapaswi kukutelekeza.

Unaambiwa faili limepotea. Omba jibu hilo kwa maandishi, kisha kusanya ulichonacho: risiti, vyeti vya dawa, majibu ya vipimo, ujumbe wa miadi. Maabara na duka la dawa mara nyingi huwa na kumbukumbu zao.

Unahudumiwa kwa simu au video. Viwango ni vile vile: jina, usajili, ridhaa na usiri. Uliza amesajiliwa katika nchi gani, na kama mazungumzo yanarekodiwa.

Unaogopa kulipiziwa kisasi kwa sababu bado unatibiwa hapo. Omba kuhamishiwa kwa mhudumu mwingine kwanza, au mtu unayemwamini awasilishe malalamiko kwa ridhaa yako iliyoandikwa. Malalamiko yasiyo na jina hupokelewa katika baadhi ya mabaraza, lakini ni vigumu kuyachunguza, kwa hiyo uliza baraza linavyolinda utambulisho wa mlalamikaji kabla ya kuamua.

Baraza liko kimya. Omba namba ya jalada, andika tarehe ya kila simu na jina la aliyeipokea, kisha tuma barua ya ukumbusho ukiitaja namba hiyo. Kimya kikiendelea, peleka nakala za barua zote kwa wizara inayohusika na afya au ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma, na zile asilia zibaki mikononi mwako.